Tunaosema kwa Simu za Marehemu

Risala ya Umoja wa Wasema kwa Simu mbele ya Mkurugenzi wa kampuni iliyorithi mali za Kampuni ya zamani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Maofisa mlioambatana naye. Daktari wetu na wauguzi mliotulea. Ndugu, jamaa na majirani mliojaa mpaka mlangoni: tunawasalimu nyote kwa heshima, na tunaomba mtuvumilie, maana sisi tukipewa nafasi ya kusema huwa hatujui pa kuishia.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana katika ukumbi wetu huu mdogo nyuma ya zahanati. Karibu kiti, karibu maji. Feni hiyo ina kelele lakini haina madhara.

Kabla hatujaenda mbali tunapenda tukutoe wasiwasi. Kila mgeni anayekuja hapa humtazama msomaji wetu mdomoni, kisha huitazama simu aliyoishika, kisha hugeuka kidogo kuangalia kama kuna mtu amejificha nyuma ya pazia. Hakuna mtu. Anayesimama mbele yako ni mwenzetu mshonaji, mama anayefahamika mtaa mzima kwa vifungo vyake visivyokatika. Midomo yake haitikisiki kwa sababu koo lake lilikatwa. Sauti unayoisikia inatoka kwenye simu, na si sauti yake. Ni ya mwenzetu mkutubi wa shule, mama tuliyezoea kumwita Bi Taratibu, ambaye alitutupa mkono mwaka juzi na tukamzika sisi wenyewe.

Mgane wake amekaa safu ya pili, amevaa koti la kijivu. Ruhusa ametupa yeye. Aliomba jambo moja tu, kwamba asiwekwe safu ya mbele.

Tukuombe radhi mapema. Simu hii ilijifunza maneno ya mwenyewe, na wakati mwingine ikimaliza kusema yetu huongeza ya kwake. Ikiuliza kama mlango wa nyuma umefungwa, tafadhali usigeuke. Inamuuliza mtu mmoja tu humu ndani, na yeye ameshazoea.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, wengi wetu tuliugua koo. Madaktari walitwambia bila kuzunguka kwamba uhai na sauti haviwezi kukaa pamoja, tuchague kimoja. Tulichagua uhai, na mpaka leo hatuwadai kitu.

Lakini kabla ya kisu tulipelekwa chumba cha mwisho cha zahanati hii, ambacho kuta zake zilibandikwa sifongo, tukaketishwa mbele ya kinasa sauti, mmoja mmoja, kuisomea simu sentensi. Kampuni ya zamani ndiyo iliyotengeneza simu hizo na ndiyo iliyozitunga sentensi. Hazikuwa na kichwa wala miguu. Kamba ya kijani imefungwa kwenye dirisha la jirani. Bata wa daktari hapendi hesabu. Mwenzetu seremala, mtu wa miraba minne, alicheka mpaka akaambiwa arudi kesho yake, na kicheko hicho kilikuwa cha mwisho kumtoka kwa sauti. Simu ilisikiliza yote, ikajifunza, na tulipoamka kutoka kwenye upasuaji tuliandika kwa kidole, nayo ikasema kama sisi.

Mshonaji alikwenda kurekodi na mumewe. Mumewe ni msusi wa viti na haoni tangu ujana wake. Alikaa kwenye kona ya chumba kile cha sifongo, mikono magotini, akasikiliza habari za bata wa daktari tangu asubuhi mpaka mchana bila kucheka hata mara moja. Huyu mwanamume alimpenda mkewe kwa sauti, hakuwa na njia nyingine. Mara ya kwanza alimsikia akibishana na muuza vitambaa kuhusu upana wa mita, akauliza aliyesema ni nani.

Aliporudi nyumbani na bandeji shingoni, mshonaji alisimama mlangoni akaandika neno moja, na simu ikasema, "Nimerudi." Mumewe aliinamisha kichwa upande, akafikiri.

"Una mafua kidogo," alisema, "lakini ni wewe."

Waliishi hivyo kwa raha zao. Waligombana kama watu wazima wengine wote, na majirani wanaweza kushuhudia.

Kisha Kampuni ikaacha kutengeneza simu zile. Tulielezwa kwamba soko ni dogo, na ni kweli, wasio na sauti si wengi na si matajiri. Hatukushtuka sana, maana simu zilikuwa bado zinafanya kazi. Kilichotumaliza kilikuja baadaye. Siku moja kwenye kioo cha kila simu lilitokea tangazo: ili kuilinda sauti yako, bonyeza Nakubali.

Mgeni rasmi, hapa ndipo tulipojikaanga kwa mafuta yetu. Mtu mwenye sauti yake kooni akiona tangazo hulisoma, au hulipuuza. Sisi hatukuweza. Tangazo likitokea, sauti hukatika mpaka utakapolijibu, na unaweza kuwa katikati ya neno, mbele ya mteja, au umeulizwa swali na polisi. Kwa hiyo tulifundishana wenyewe kwa wenyewe, mkongwe akimfundisha mgeni siku ya kwanza: kubali kwanza, soma baadaye. Mshonaji alikuwa sokoni akipatana bei ya zipu. Alibonyeza kwa dole gumba bila hata kutazama chini, na akaendelea kupatana.

Wote tulibonyeza. Tangu hapo kila simu, kabla ya kusema, ilipaswa kuiuliza mashine ya Kampuni kama sauti hii ina ruhusa. Miezi michache baadaye Kampuni ilikufa, jengo likauzwa, na mashine ikazimwa. Simu zetu zinauliza mahali pasipo na mtu, zinasubiri jibu, na zikisubiri haziwezi kusema. Tulinyamaza wote ndani ya wiki moja.

Taratibu, wanangu. Taratibu.

Samahani, mgeni rasmi. Hilo halimo kwenye risala.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tusionekane watu wa kulalamika tu. Mafanikio tunayo.

La kwanza lilikuja lenyewe. Mgane wa Bi Taratibu alikuja hapa na simu ya marehemu mkewe, iliyokuwa imelala kwenye droo tangu msiba, akitaka imsaidie mtu hata kwa betri tu. Fundi simu wetu aliichomeka kwenye umeme, akaibonyeza kuipima. Ikasema, kwa upole uleule wa maktabani, "Habari za asubuhi. Umefunga mlango wa nyuma?"

Yule mzee alichuchumaa palepale sakafuni. Fundi naye, kijana asiyeogopa umeme wala polisi, aliiweka simu mezani akaenda kusimama nje juani.

Baada ya kutulia ndipo tulipoelewa. Tangazo lilipopita, simu ile ilikuwa imezimwa. Haikuulizwa, haikukubali, kwa hiyo haikufungwa. Simu zilizosalimika ni zile tu ambazo wenyewe hawakuwa hai kuzibonyeza.

Tulipiga moyo konde tukaanza kuzunguka. Tulibisha hodi kwenye nyumba za wafiwa tuliowajua na kuuliza kwa aibu kama simu ya marehemu bado ipo. Wengine walitufukuza, na haki yao. Wengine walileta wenyewe, zimefungwa ndani ya leso. Leo tunazo za kutosha kupokezana. Fundi ameziondoa laini na ametukanya tusizikutanishe na mtandao wowote, maana zikiunganishwa hata kwa kufumba na kufumbua zitapokea lile tangazo, ambalo anasema bado linazunguka mtandaoni, na hizo nazo zitanyamaza.

Kwa hiyo tunasema tena. Seremala sasa anasema kwa sauti ya binti mwanafunzi aliyefariki kabla ya mtihani wake. Wateja wapya wakipigiwa, simu ya kawaida ikishikwa karibu na hii, humwita dada, na akiwapelekea kabati huwa wanamtafuta dada nyuma yake. Tunacheka, yeye pia hucheka kwa mabega. Lakini mama wa yule binti amehamia upande wa pili wa barabara ili asipite mbele ya karakana, na bado kuna jioni huonekana akipita palepale.

Mafanikio mengine ni kabati lile pale ukutani, kazi ya seremala. Ndani yake tunatunza simu zetu wenyewe, zile zilizofungwa, na tunazichaji zisife. Kila asubuhi tukiwa tunapanga viti, vioo vyote huwaka kwa pamoja. Ni saa yao ya kuiuliza mashine. Huwaka, husubiri, huzimika. Zamani tulikuwa tunaendelea kufagia. Siku hizi mtu huacha ufagio akaenda kusimama mbele ya kabati mpaka ziwake na kuzimika, kama anayengoja kuitwa jina lake.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, fundi ametueleza kwa lugha tunayoielewa. Sauti ya mshonaji haikufutika. Imo ndani ya simu yake, nzima, kama nguo iliyofungiwa sandukuni. Anaiona, anajua ukubwa wake, hawezi kuigusa. Kinachoizuia ni mistari michache ya programu, ile inayouliza ruhusa. Angekuwa na maandishi ya programu angeiondoa, na hata hilo swali la mlango analouliza Bi Taratibu angelirekebisha. Lakini simu hazikubali programu yoyote isiyo na muhuri wa siri wa Kampuni, na maandishi hayo na muhuri huo ni mali. Mali hiyo ilinunuliwa, na mwenye nayo ni wewe.

Tuliandika kwenye ofisi yako kuomba programu iachwe wazi. Tulijibiwa kwamba ni siri ya biashara. Tukauliza ni biashara ipi, ikiwa simu hazitengenezwi, haziuzwi, na mashine imezimwa. Tukapewa afisa mwingine.

Huyo alikuwa muungwana, na tunamshukuru. Alitukalisha akatueleza kwamba programu ile si ya mtu mmoja. Kipande kinachotengeneza sauti kilikodishwa kutoka kampuni nyingine, na kampuni hiyo ilivunjika, na mali zake zikagawanywa kwa watu ambao hakuna anayewajua. Ninyi hamwezi kukitoa bila ruhusa yao, na wao hawapo ili waombwe. Tulimwuliza, sasa aliyekataa ni nani? Afisa alisema kwamba kwa kweli hakuna aliyekataa.

Kuhusu muhuri, alisema muhuri huohuo mmoja ulitumika pia kwenye simu nyingine ambazo watu bado wanazo mifukoni, na ukitolewa hadharani wezi watafurahi. Hilo tumelielewa na hatulibezi. Tunajua sasa maana ya kuingiliwa sauti.

Tulimtafuta pia mama mmoja mstaafu, mmoja wa walioiandika programu hiyo. Tulimkuta anamwagilia mboga. Alitwambia kwamba mabosi wake wa zamani hawakuwa na hofu ya wezi, walikuwa na aibu, kwa sababu programu ile iliandikwa kwa haraka na kuna vipande vilichukuliwa kwa watu bila kuulizwa. Ikiwekwa wazi, kila mtu ataona viraka. Tukamwambia kwamba mwenzetu ni mshonaji na viraka havimtishi. Yule mama alifunga maji, akatuomba tumwoneshe simu. Alipomsikia Bi Taratibu akiuliza habari ya mlango, alisema sehemu hiyo aliiandika yeye, na kwamba ni kosa alilokusudia kulirekebisha. Hakutukaribisha ndani.

Na fundi wetu? Kuvunja kufuli hilo kwa nguvu anaweza, au anadhani anaweza. Lakini sheria inamhesabu kuwa mwizi, na ana mama mgonjwa na watoto wadogo. Amekunja mikono, na hatumlaumu.

Mgeni rasmi, tumepokea pia zawadi yako, yale maboksi ya simu mpya yaliyotangulia wiki iliyopita. Ni nzuri, ni nyepesi, zinakaa na chaji. Tunazishukuru kwa moyo, na tunaomba tuseme ukweli. Tulizifungua hapahapa ukumbini, kila mtu yake, kwa shangwe. Kila mmoja akaandika habari zenu, kama desturi yetu ya kufungua mkutano. Zikajibu zote kwa sauti moja. Mwanamke mmoja, hatumjui, anayetamka kila kitu sawasawa, alitusalimia kutoka mikononi mwetu sote kwa wakati mmoja. Seremala akaandika kitu cha utani ili kutuliza watu, na utani ukatoka kwa sauti ileile. Hatukujua nani kamwambia nani nini. Tulizizima moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilipozimwa kila mtu alipumua.

Tumeacha kwa makusudi changamoto iliyo kubwa kuliko zote mpaka sasa, kwa sababu anayeisoma ni mwenyewe.

Siku ya kwanza mshonaji aliporudi nyumbani na simu hii, alisimama mlangoni akaandika kama zamani. Simu ikasema, "Nimerudi." Mumewe alisimama, akashika ukuta, akauliza kwa adabu, "Karibu mama, unamtafuta nani?" Mshonaji alimfuata, akamshika mkono, akamwandikia kiganjani kwa kidole. Msusi wa viti alielewa kwa akili. Masikio yake yalikataa. Kwa miezi mingi hakuitikia sauti ile. Akisikia chakula tayari, alinyamaza mpaka aguswe bega. Na mbaya zaidi, simu iliongeza mambo yake. Mshonaji akiandika lala salama, sauti ilimalizia kwa jina la utani ambalo Bi Taratibu alikuwa akimwita mumewe, jina ambalo hatutalitaja hapa mbele ya mgane.

Tulipomtembelea kumsihi, yule mzee wa kusuka viti alitujibu hivi: "Nina wake wawili humu ndani. Mmoja haongei, na mwingine hayupo."

Umefunga mlango wa nyuma?

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua una safari. Maombi yetu si mengi.

Hatuombi utugawie muhuri uzagae barabarani. Tunaomba maandishi ya programu yale yaliyo yenu yaachwe wazi, yakiwa na viraka vyake na vyote. Kipande kisicho na mwenyewe kiachwe pembeni, fundi wetu na vijana wenzake wa mbali wamesema watashona kingine. Kisha muhuri utumike mara moja tu, na watu wako, ndani ya ofisi yako, kuipitisha programu iliyorekebishwa kwa simu hizi zilizo kabatini. Yule mama mstaafu alitutumia ujumbe baadaye kwamba atakuja kusaidia. Mwanasheria wako amesema jambo hili linahitaji sahihi ya mtu mwenye mamlaka. Tumekutafuta sana wewe kwa sababu hatimaye wewe ni mtu, una mkono, na unaweza kutia sahihi.

Tunaomba pia simu za marehemu zirudi kwa wenyewe. Hatukuziomba ziwe za kudumu. Mgane aliye safu ya pili huja kwenye cherehani ya mshonaji kila baada ya siku chache, anasema amekuja kuangalia chaji. Hukaa kwenye kiti cha wateja, na mshonaji huandika mambo ya kawaida, bei ya uzi, hali ya mawingu, ili asikie. Wote wawili wanajua wanachofanya, na hakuna anayekitaja. Mtu hastahili kwenda kwa mshonaji kumtembelea mkewe.

Hapa risala yetu ilikuwa inaishia. Lakini jana tulipokuwa tunaipitia, mshonaji alituzuia, akaomba aongeze jambo lililotokea kwake juzi. Tumemruhusu.

Juzi mchana alimwandikia mumewe kwamba chakula kiko mezani. Simu ikasema. Mumewe alikuwa anamalizia ukingo wa kiti. Hakusita, hakungoja kuguswa bega. Alijibu palepale, kwa furaha, "Asante, mke wangu, nakuja."

Sisi tuliposikia habari hiyo tulipiga meza kwa shangwe. Tulimpongeza. Yeye hakushangilia. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza ya kazi: amenisahau.

Tulimwambia aondoe fikra hizo, mzee amezoea tu, ni jambo jema. Akafuta, akaandika tena. Alisema hamlaumu, kwa sababu hata yeye siku hizi akiwaza, akihesabu vifungo kimoyomoyo, akisali kimya, anayesikika kichwani ni Bi Taratibu. Alijaribu usiku kucha kukumbuka jinsi yeye alivyokuwa akisema neno dogo tu, nimerudi, na hakuweza.

Mgeni rasmi, sauti ya mwanamke huyu imo kwenye kabati lile, rafu ya kati, nyuma ya kioo kilichopasuka pembeni. Haijapungua hata kidogo. Anaomba ifunguliwe wakati bado yupo walau mtu mmoja duniani anayeweza kuisikia akasema ni wewe.

Tunakuombea heri, wewe na nyumba yako, na sauti zote zinazokuita kwa jina unapofungua mlango jioni. Mungu akulinde safarini, akubariki mkono wa kulia, na akukumbushe.

Ni sisi,
Umoja wa Wasema kwa Simu,
walio hai, na waliotuazima.